Raba Laini za Toleo la Sita

Vua viatu. Ndiyo, hapo hapo kwenye benchi la kliniki, wacha watu waangalie. Vua na soksi. Kama tumbo halikuruhusu kuinama, mwombe aliyekuleta akushikie mguu, na kama umekuja peke yako tumia kamera ya simu hiyo unayosomea haya. Angalia unyayo, angalia kisigino, angalia katikati ya vidole. Ukimaliza vaa, kisha tuongee.

Naanza hivi kwa sababu mimi niliambiwa mara nyingi na sikuvua. Sista wa kliniki ya sukari ya Kitale alirudia maneno yale yale kwa kila mgonjwa mpaka tukawa tunamwigiza tukitoka nje. "Miguu, watu wangu, angalieni miguu." Nilikuwa nikimsikiliza huku nasema moyoni, dada, wewe hujui unaongea na nani. Mimi ni kochi wa mpira wa kikapu. Miguu yangu inavaa raba ambazo wewe hujawahi kuziona hata kwa picha. Ukiniuliza leo ni neno gani lililonigharimu zaidi, nitakuambia ni hilo nililolisema moyoni.

Naitwa Njeri. Nafundisha hesabu katika shule moja ya wasichana mjini Kitale, na jioni nafundisha kikapu. Kwetu ni Kiminini, ambako wazazi wangu walinunua shamba walipotoka Nyeri kabla sijazaliwa, na hata nilipoolewa sikwenda mbali, maana mume wangu Wafula ni mtu wa Tongaren, tukajenga Kiminini tukalima huko. Tuna binti mmoja, Nasimiyu, anayefanya kazi Nairobi. Sukari yangu ilipogunduliwa nilipewa vidonge nikaambiwa nipunguze wanga. Nikapunguza kidogo. Ugali wa Trans-Nzoia hauachwi kwa amri ya mtu aliyevaa koti jeupe.

Sasa lazima nieleze habari ya raba, la sivyo hutaelewa jinsi mtu mzima na akili zake anavyoweza kuoza mguu huku akisifu kiatu.

Kuna mchezaji mmoja wa ng'ambo, simtaji, ambaye kampuni humtengenezea raba zenye jina lake, toleo jipya kila mwaka. Toleo la kwanza nililipata kwenye mitumba sokoni Kitale nilipokuwa bado nacheza. Kisigino chake kilikuwa na dirisha dogo la plastiki, na humo ndani unaona kifuko cha hewa. Unakibonyeza kwa kidole gumba, kinazama, kinarudi. Nilizivaa mpaka dirisha likaingia ukungu. Toleo la pili wakakificha kile kifuko, sijui kilikuwa kimewakosea nini. La tatu wakakihamishia mbele, chini ya vidole, ati wachezaji wa siku hizi wanarukia vidole. La nne wakakata shingo ya kiatu, kifundo cha mguu kikabaki nje kipigwe na kila mtu. La tano wakaondoa hewa yote wakajaza sponji. La sita wakarudisha hewa, safari hii kifuko kimoja kirefu kutoka kisigino hadi vidoleni, na sponji juu yake. Kila mwaka wanaharibu kilichokuwa kizuri, mwaka unaofuata wanakurudishia na kukiita kipya, na sisi wajinga tunapanga foleni.

Nami nilikuwa mjinga mkuu. Wasichana wangu niliwafundisha kuchagua raba za mitumba kabla sijawafundisha kurusha mpira. Usinunue rangi, niliwaambia, nunua sponji. Raba inaweza kukaa kwenye kontena miaka ikafika kwetu inang'aa, kumbe sponji imekauka ndani, unakimbia nayo Jumatatu na Jumatano soli inamomonyoka. Bonyeza na kidole gumba. Kama hairudi, imekufa. Nilijua kiatu kilichokufa kwa kukigusa mara moja. Mguu wangu mwenyewe sikuugusa.

Miguu ilianza kwa kuwasha na kuchoma, kana kwamba nimepita kwenye upupu. Ikaendelea hivyo kwa muda mrefu, halafu ikanyamaza. Niliposikia imenyamaza nilimshukuru Mungu. Wewe unayesoma haya, mguu wa mtu wa sukari ukinyamaza usimshukuru mtu yeyote. Nenda kliniki.

Pasaka ile, wakati watu wanapanda mahindi, Nasimiyu alikuja nyumbani na boksi. Toleo la sita, jipya, la dukani, na karatasi zake ndani. Katika maisha yangu yote sikuwahi kuvaa raba ambayo haijavaliwa na mtu mwingine kwanza. Nililia, sioni haya kusema. Nilizivaa sebuleni nikazunguka meza, Wafula akaniangalia akitabasamu, kisha nikazirudisha kwenye boksi zisubiri shule zifunguliwe.

Kama wewe si mtu wa kwetu, jua jambo hili. Huku kiatu kipya hakivaliwi kabla hakijapita kwa fundi. Unakinunua leo, unakipeleka leo, fundi anakizungusha uzi soli yote, ndipo unasema umenunua kiatu. Kiatu kilichobandikwa kwa gundi peke yake ni kiatu cha kukuaibisha kwenye matope. Mama zetu walifanya hivyo, sisi tunawafanyia watoto hivyo wakienda bweni. Sijawahi kusikia mtu akiuliza kama ni vizuri.

Kwa hiyo siku moja kabla ya shule kufunguliwa nilirudi kutoka kanisani nikamkuta Wafula amekaa na boksi langu magotini, amejaa furaha.

"Nimekuokoa," akasema. "Unajua hii soli ilikuwa imeshikwa na gundi tu? Gundi tu, Mama Nasimiyu! Kampuni kubwa hivyo na hawana uzi."

"Umeshonesha raba zangu?"

"Mzunguko wote. Uzi wa nailoni, ile ya magunia. Nilimwambia fundi asibane uzi, bibi yangu ni mtu wa kuruka. Hizi utazikwa nazo."

Niliinyakua moja. Uzi mweusi ulikuwa umezunguka ile soli nyeupe, mshono mzito, umenyooka vizuri kabisa, siwezi kumsingizia fundi. Kila shimo la sindano lilikuwa limepita mahali ambapo wataalamu wa ng'ambo walikuwa wameweka hewa yangu.

"Kuna hewa humu ndani!" nikapiga kelele. "Umetoboa hewa, Baba Nasimiyu!"

"Hewa si iko kila mahali?" akasema. Halafu akaona uso wangu, akajaribu njia yake ya siku zote. Wafula akikuletea kitu, hata kama ni kijiko, husimama kidogo akisubiri, kisha huuliza kwa utani. "Hata asante hakuna?"

Nikamwambia asante aitafute kwa fundi.

Lakini jioni nilizivaa, kwa uchungu tu, nione ameharibu kiasi gani. Nikakanyaga kwa nguvu kwenye saruji ya varanda. Nilitarajia kisigino kigonge chini, nisikie ugumu. Sikusikia kitu. Nikaruka. Kimya, laini kabisa. Nikakimbia mpaka kwenye lango na kurudi, na nikakubali mbele ya mume wangu kwamba toleo la sita ni mashine, hata sindano ya fundi haikuliweza. Wafula akacheka mpaka akakohoa. Kesho yake niliwaambia wasichana shuleni, "Hii ndiyo raba sasa. Unakanyaga kama hukanyagi."

Nimelirudia neno hilo mara nyingi tangu siku ile. Nilikuwa nasema kweli tupu na sikujua.

Muhula ule tulifanya mazoezi kila jioni mpaka mvua ituondoe. Mahindi yalikuwa yamefika magotini, wakati wa palizi, siku niliporudi nyumbani nimelowa, nikavua raba mlangoni, nikaingia jikoni kuweka chai. Nilipogeuka nikaona alama nyekundu kwenye sakafu, moja, mbili, zimetoka mlangoni zimekuja mpaka jikoni.

"Nani amenichafulia sakafu?" nikaita.

Hakuna aliyejibu kwa sababu hakuna aliyekuwepo. Nikachukua kitambaa nikaanza kufuta, kwa hasira, na kila nilipofuta na kusogea nikakuta nyingine nyuma yangu. Sitaki kukueleza nilifuta nyingi kiasi gani kabla ya kuinua mguu. Chini ya kidole kidogo cha mguu wa kulia kulikuwa na shimo ambalo ungeweza kuweka njegere ndani, na soksi ilikuwa imeshikamana nalo. Halikuuma. Hilo ndilo lililonifanya nikae chini kwenye sakafu yangu chafu.

Basi nikaanza kazi ya kufungwa na kufunguliwa bandeji. Nilikuwa naenda Kitale siku za kliniki, nakaa foleni, nafunguliwa, naoshwa, nafungwa, narudi. Wafula alinipeleka kila mara na kunisubiri nje kwenye ukuta. Mwanzoni tulikuwa tunacheka. Halafu kidole kikabadilika rangi, kikawa kama ndizi iliyosahauliwa, na harufu ikaanza kuingia chumbani kabla yangu. Daktari wa Kitale akasema kuna kliniki ya vidonda vya miguu Bungoma, niende huko, na nisitembee. Mahindi yalikuwa yakitoa mbelewele nilipofungasha nguo nikahamia kwa wifi yangu Nekesa, dada yake Wafula, anayekaa Bungoma mjini.

Chumba cha kusubiri cha kliniki ile nakifahamu kuliko darasa langu. Madirisha yanayofungwa nusu. Benchi moja lenye mguu mfupi, ukikaa mwisho unamwinua mwenzako. Kila mtu ana mguu mmoja mnene wa bandeji ameunyoosha mbele, na kila anayepita anaomba radhi. Unafika mapema ukidhani utakuwa wa kwanza, unakuta wengine wamefika mapema zaidi wakidhani hivyo hivyo. Halafu unaambiwa daktari yuko wodini. Sijui wodi hiyo iko nchi gani.

Siku ya kwanza Wafula aliingia nami ndani. Sista alikuwa mwanamke mtulivu wa kutoka Mlima Elgon, tulimwita Sista Chebet. Aliniambia nilale, akachukua kijiti chenye uzi mgumu wa nailoni kwenye ncha.

"Fumba macho, mwalimu. Nitakugusa miguu na huu uzi. Ukisikia nimegusa, sema ndiyo."

Nikafumba. Nikasubiri. Nilisikia mtu akikohoa nje, nikasikia pikipiki ikipita, nikasikia Wafula akihema. Nikajiambia, hata humu ndani ni foleni.

"Unaweza kuanza," nikasema.

"Nimemaliza, mwalimu."

Nikafumbua macho. Wafula alikuwa ameona kila kitu, uzi ukipinda kwenye unyayo wangu, kidole kwa kidole, mguu huu na huu, na mimi nimelala kimya. Uso wake sijawahi kuuona vile, hata tulipomzika mama yake.

Kisha Sista Chebet akaomba kiatu nilichokuwa navaa. Nilikuwa nacho kwenye mfuko, maana Kitale waliniambia nikilete. Hakukiangalia kwa nje kabisa. Aliingiza mkono ndani mpaka kwenye kifundo, akapapasa polepole, mkono ukasita.

"Hii ni nini?"

Akatoa kitambaa cha ndani, kile kinachokaliwa na unyayo. Chini yake mshono ulikuwa umepita kama tuta la shamba, na pale fundi alipomalizia alikuwa amefunga fundo, fundo la kuaminika, la magunia, mahali hasa pa kidole changu kidogo. Akabonyeza soli kwa kidole gumba. Ilizama na haikurudi. Kifuko chote kilikuwa kimeisha hewa, pengine tangu siku ile ya fundi, na mimi nilikuwa nimecheza muhula mzima juu ya fundo na soli bapa, nikisifu ulaini.

"Ungekuwa unasikia," Sista akasema, "ungezivua siku ya kwanza, hata hujafika kwa gate."

Sikumsikiliza vizuri. Nilikuwa nimemgeukia Wafula.

"Umeona? Umeona kazi yako?"

Wafula alichukua ile raba kutoka kwa Sista, akaingiza mkono wake mwenyewe ndani, akaupata ule mshono, na akaendelea kuushika.

Daktari alipokuja alisema kwa kifupi, kama watu wenye foleni ndefu wanavyosema. Kidole kidogo hakipo tena, alisema, kiko pale kwa macho tu, na kilicho jirani yake pengine. Wanachopigania ni mguu. Sumu ikipanda kwenye mfupa, watakata chini ya goti. Tukaambiwa tutie sahihi, tukatia.

Vidole viwili vikaondoka. Sitakueleza zaidi ya kwamba kwa siku nyingi viliwasha, vile visivyokuwepo, na vile vilivyobaki havikusema lolote. Mwili wangu ukawa wa mtu mwingine. Mapaja yangu ya kikapu yakayeyuka. Pete ikawa inazunguka kidoleni. Mguu ulifungwa plasta ngumu mpaka chini ya goti ili nisiuelemee, nikawa najikokota kwenye fimbo mbili ndani ya nyumba ya watu, nikiomba kupelekwa chooni. Swali lilikuwa moja tu kila kliniki, wakifungua plasta: kidonda kinapanda au kinashuka?

Na hasira, wee. Mgonjwa husifiwa kwa uvumilivu, lakini mimi sikuwa nao huo wa kusifiwa. Kila aliyekuja kuniona nilimsimulia habari ya fundi na uzi wa magunia, na kama Wafula yuko chumbani nilipaza sauti. Alikuwa anakuja kila mwisho wa juma kutoka Kiminini na mboga za managu na maziwa ya kutosha nyumba nzima. Anaweka chini, anasimama kidogo. Hakuuliza tena kama asante ipo. Siku moja Nekesa alichoka.

"Mulamwa," akaniambia, maana ndivyo wanavyoita shemeji na wifi, "wewe si ulizaliwa huku? Nani hapa hashoneshi viatu? Hata hizi zako za kanisa ni nani alizishona?"

"Hizo hazikuwa na hewa."

"Ati hewa! Ndugu yangu alikuwa anakupenda na uzi, sasa wewe unataka afanye nini, alale barabarani?"

Hatukusalimiana mpaka kesho yake mchana.

Wageni nao, Mungu awabariki, walitaka kuniua kwa upendo. Kwetu mgonjwa haendewi mikono mitupu, kwa hiyo mtu mwenye sukari aliyekatwa vidole kwa ajili ya sukari aliletewa soda. Kreti kwa kreti. Nekesa alizipanga chini ya kitanda changu na watoto wa jirani wakanipenda sana. Ami yake Wafula alikuja kutoka Malakisi na majani ya tumbaku yaliyokaushwa vizuri, yamefungwa kwa kitenge.

"Hii unaweka tu juu ya kidonda," akasema. "Inavuta uchafu yote. Hospitali hawapendi tuseme, watakosa kazi."

"Baba," nikamwambia kwa heshima, "kidonda kiko ndani ya plasta."

"Si tukate hiyo plasta kidogo?"

Wafula ndiye aliyeinuka. Mtu ambaye hajawahi kumpinga ami yake hata kwenye mambo ya mpaka wa shamba alimshika mkono, akamwambia, "Hapana, baba. Huo mguu hauguswi na mtu tena isipokuwa Sista." Akamsindikiza nje na majani yake. Niliona.

Huruma ndogo zilikuwepo pia. Msichana wa kufagia kliniki aliyeniwekea nafasi kwenye ukuta ili nisiinuliwe na lile benchi. Wasichana wa timu waliokuja Jumamosi moja wamejaza sebule ya Nekesa, wamenyamaza kama wako msibani, mpaka kapteni akashindwa.

"Madam, umeskia toleo ya saba imetoka? Wametoa hewa yote tena, bana. Ni sponji tupu."

"Wajinga," nikasema.

"Na wamerudisha shingo ya kiatu."

"Si nilisema? Si nilisema kwenye la nne?" Tukabishana mpaka chai ikapoa, na kwa muda huo wote sikukumbuka mguu.

Aliyenigeuza kichwa ni Mama Rael, muuza nyanya wa Chwele. Tulikutana kwenye foleni kiasi cha kujuana mpaka majina ya mbuzi. Mguu wake ulikuwa mbaya kuliko wangu. Siku moja nikawa namsimulia mwanamke mgeni, kwa mara ya mia, habari ya mume wangu na sindano. Mama Rael akanikatiza.

"Wewe mwalimu una bahati."

"Bahati gani?"

"Mimi nilivaa gambuti asubuhi, nikasimama sokoni hadi jioni. Kuvua, nakuta kifuniko cha soda imeingia kwa nyama. Siku mzima! Sikusikia. Wewe uko na bwana wa kulaumu. Mimi nilaumu nani, soda?"

Benchi zima likacheka, mimi pia, nikacheka mpaka kicheko kikaisha vibaya nikawa nalia mbele ya watu wote na miguu yao. Hakuna aliyekuwa ameshona gambuti la Mama Rael. Na mimi, hata bila fundi, ningekanyaga jiwe, msumari, kifuniko, chochote, na ningesema ni raba nzuri. Fundo lilitangulia tu.

Wiki ile Sista Chebet alifungua plasta akaita daktari. Nilimwangalia usoni kwa sababu mguuni sikuthubutu. Daktari aliinama muda mrefu.

"Kinashuka," akasema. "Mguu ni wako."

Wafula alikuwa nje kwenye ukuta. Sista ndiye aliyeenda kumwambia, maana mguu wangu ulikuwa bado wazi, na nilimsikia kupitia dirisha linalofungwa nusu akisema, "Kweli? Kweli, Sista?" mara nyingi kama mtoto.

Nilirudi Kiminini wakati wa mavuno. Uwanja wote wa nyumba ulikuwa umetandazwa mahindi kwenye turubai. Nimetengenezewa viatu Bungoma, vyeusi, vipana, vizito, vyenye sponji ndani iliyokatwa kwa umbo la unyayo wangu na nafasi ya vidole visivyokuwepo imejazwa. Havina jina la mchezaji yeyote. Wasichana wakaviona wakasema, "Madam, hizi ni tanki." Ninafundisha nikiwa nimekaa kwenye kiti kando ya mstari, nikipiga kelele zaidi ya zamani. Toleo la saba nimelibonyeza kwa kidole gumba kwenye mguu wa kapteni. Sponji yake ni laini mno, litachakaa kabla ya mwaka.

Yale ya kukufaa ni machache. Usitembee pekupeku hata chumbani. Kiatu kikiwa na mshono ndani, hata cha fundi unayempenda, kisikuguse. Soda wape watoto. Na tafuta mtu wa kukuangalia nyayo, kwa sababu wewe mwenyewe utajidanganya.

Mimi wangu sikumtafuta. Asubuhi ya kwanza nyumbani Wafula alikuja na beseni na taulo, akapiga goti, akaangalia mguu mmoja, kisha mwingine, kati ya vidole, kisigino. Halafu akachukua vile viatu vyeusi, akaingiza mkono kila kimoja mpaka mwisho na kupapasa, kabla ya kunivalisha. Kesho yake tena. Sikumwomba. Nilikuwa bado nina kinyongo kilichokauka, kile kinachobaki hata sababu ikiisha, na nilikuwa namwachia miguu huku naangalia dirishani. Hivyo tukaenda mpaka mahindi yakakaribia kuingia ghalani.

Asubuhi moja alikuwa amekwisha kagua kiatu cha kushoto. Akaingiza mkono kwenye cha kulia, akasita. Akakigeuza juu ya kiganja akakitikisa. Ikaanguka punje ya mahindi, kavu, ile ncha yake juu. Nadhani niliibeba mwenyewe kutoka kwenye turubai. Ningeikanyaga tangu nyumbani mpaka Kitale, vipindi vyote, mazoezi, na kurudi, nikisifu sponji.

Wafula hakunionyesha. Aliitia kwenye mfuko wa shati, akanyoosha mkono kuchukua soksi.

"Baba Nasimiyu."

"Nini tena?" akauliza bila kuinua kichwa. Alidhani kuna kosa jingine.

"Asante."

Akainua kichwa, soksi mkononi. "Ya nini?"

"Ya viatu," nikasema. "Vyote. Na zile ulizoshonesha."

Alikiweka chini kile cha kulia, akachukua cha kushoto alichokuwa amekwisha kukikagua, akaingiza mkono tena mpaka mwisho.